Tupeane uzoefu: mzazi na mwalimu wa mtoto mwenye ADHD, mnaambiana nini na kwa njia gani?

Mama wa Mikindani
Habari zenu wapendwa. Mwanangu yuko darasa la tatu hapa Mtwara mjini. Daktari alishathibitisha kwamba ana ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia, kujizuia au kuweka umakini, kwa hiyo naomba tusirudi kwenye ubishi wa kama ni utundu au malezi. Ninachotaka tuongee ni mawasiliano na shule.

Shule aliyoanzia nilikuwa naitwa pale tu mambo yalipoharibika. Kapanda juu ya dawati, kamsukuma mwenzake kwenye foleni ya uji, kapoteza daftari tena. Nikiona namba ya shule kwenye simu, tumbo linanikata kabla sijapokea. Na mtoto mwenyewe akiniona getini anajua keshasemwa, anaanza kulia kabla hata sijamuuliza.

Shule aliyohamia, mwalimu wake wa darasa alikuja na wazo la daftari dogo linalokwenda na kurudi. Tulikubaliana mambo matatu tu, na mtoto akiwepo: kunyoosha mkono kabla ya kusema, kumaliza hesabu za asubuhi, kurudi na vitu vyake vyote. Madam anaweka tiki, basi. Akipata nafasi anaongeza neno. Ukurasa mmoja unasomeka hivi: "Mkono, tiki. Hesabu, nusu. Vitu, kalamu imebaki. Kafuta ubao bila kutumwa." Hiyo sentensi ya mwisho mwanangu alinisomesha mpaka chakula kikapoa. Jioni akiwa na tiki mbili anachagua yeye: baiskeli, au kwenda na baba yake ufukweni kuangalia ngalawa zikirudi.

Wazazi na walimu wa Mtwara na Lindi, kwenu ikoje? Na msimu wa korosho mnafanyaje?

Mwalimu, Masasi
Asante mama kwa kuanzisha. Nasema kama mwalimu mwenye watoto zaidi ya 80 darasani. Daftari la kila mtoto siliwezi, nisikudanganye. Ila la mmoja au wawili naliweza kama mzazi kaja na kurasa zilizokwisha kuchorwa, mimi kazi yangu iwe alama. Mzazi aliyeniletea daftari tupu akasema "uwe unaniandikia maendeleo", lile lilikufa mapema.

Wazazi pia mtuambie ya nyumbani. Hakulala, kuna msiba, baba kasafiri, ameamka bila kula. Nikijua hivyo asubuhi, simpangi mwisho kusoma kwa sauti, namtanguliza. Na tafadhali msije wakati wa mstarini, pale nina watoto wote mikononi. Njoo mapumziko ya saa nne au baada ya vipindi, tukae.

Baba wa wawili, Tandahimba
Msimu ukianza mwezi wa kumi sisi tunahamia shambani, mtoto anabaki na bibi yake. Bibi hajui kusoma, kwa hiyo daftari la maneno halikuwa na maana kwake. Mwalimu akabuni: siku ikienda vizuri anachora jua kwenye kona ya ukurasa. Siku ikiwa ngumu anaacha wazi. Bibi anafungua mkoba na kuuliza, "Mjukuu wangu, jua la leo liko wapi?" Likiwepo anasifiwa mpaka majirani wanasikia. Lisipokuwepo hagombezwi, anaulizwa tu kilichotokea. Ijumaa mwalimu ananitumia ujumbe wa sauti, naupokea nikipanda sehemu yenye mtandao.

Niongeze na hili. Mwaka alioingia jando, nilikwenda kuongea na wanaomsimamia kama ninavyoongea na mwalimu. Niliwaambia mpeni agizo moja, akimaliza ndipo mumpe lingine. Walinielewa kuliko nilivyotarajia.

Mama Binti, Lindi
Wangu ni wa kike na hana mapepe kabisa. Anakaa kimya, anatazama nje. Kila kikao cha wazazi naambiwa "mpole, hana shida", huku alama zinashuka. Nyumbani kazi ya kunakili mistari michache inamfikisha mpaka wenzake wanalala. Niliandika barua fupi kwa mwalimu nikieleza ninachokiona, bila kumlaumu, nikamwomba naye amwangalie kipindi kimoja tu. Alinipigia mwenyewe: "Mama, sentensi ya kwanza anaandika, ya pili hayupo." Toka hapo kahamishiwa dawati la mbele, mbali na dirisha. Mabinti wa namna hii wanapitwa sana kwa sababu hawamsumbui mtu, na inaniuma.

Mzee wa Newala
Enzi zetu fimbo ilitosha.

Mama wa Mikindani
Shikamoo mzee wangu. Wangu alichapwa sana kule mwanzo. Kanuni zote za darasa anazijua, anazitaja kwa mpangilio. Shida yake ni kujizuia dakika ile ile, na fimbo haikumfundisha hilo. Ilimfundisha kuogopa shule.

Muuguzi, Lindi
Nichangie upande wa hospitali. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5 wa 2013, unataka dalili ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zinaonekana sehemu mbili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Mzazi akija peke yake tunapata nusu ya picha. Njooni na maelezo ya mwalimu kwa maandishi, hata nusu ukurasa: lini, somo gani, anafanya nini hasa. "Msumbufu" haitusaidii. "Anasimama kila baada ya dakika chache kipindi cha kusoma" inatusaidia.

Kwa watoto waliopewa methilifenideti, dawa ya ADHD, ile ya muda mfupi hufanya kazi kwa takriban saa 4. Akimeza asubuhi, anayeiona ikifanya kazi ni mwalimu, mzazi jioni anamkuta yule yule. Bila kumuuliza mwalimu unaweza kuamua haifai na kuiacha. Pia inapunguza hamu ya kula, kwa hiyo mwalimu akiona uji haumaliziki aseme, nasi tujue.

Hilo daftari mama endelea nalo. Marekani, mwanasaikolojia William Pelham alitumia kadi za kila siku za namna hiyo kwa miaka mingi na watoto wenye ADHD, na tafiti zinaziunga mkono. Malengo yawe machache, na mtoto ayaweze angalau siku nyingi, la sivyo anakata tamaa.

Mama Pacha, Nachingwea
Jamani na makundi ya WhatsApp ya darasa. Mwalimu aliandika jina la mwanangu mbele ya wazazi wote kwamba kavuruga mtihani. Nilimfuata pembeni kwa heshima, nikamwomba ya mwanangu aniambie mimi. Alikubali, na hajarudia. Semeni mapema kabla halijawakuta.

Mama wa Mikindani
Asanteni sana. Januari anaingia la nne, mwalimu anabadilika, naogopa tutaanza upya. Nafikiria kumwandalia mwalimu mpya karatasi moja. Niweke nini?

Mwalimu, Masasi
Ilete karatasi wiki ya kwanza shule zikifunguliwa, kabla mtoto hajaharibu chochote, na mwombe madam wa sasa aisaini, mwalimu humwamini mwalimu mwenzake. Andika anachokiweza, kinachomvuruga, na kinachomtuliza. Bandika na ukurasa mmoja wa daftari aone linavyojazwa. Chini weka namba ya mtu wa pili wa kupigiwa kama wewe hupatikani.