Darasa la sanaa kwenye kituo cha watoto waliozuiliwa: vifaa na utaratibu

Swali
Habari wakuu. Kituo cha watoto wanaokinzana na sheria kimetupa wiki 8, saa moja na nusu kila wiki, umri miaka 14 hadi 17. Tunafikiria mashairi, kuchora, na mwishoni picha kubwa ukutani. Vifaa gani vinafaa, na ni nini huwa kinaharibu?

Jibu 1
Kinachoharibu zaidi ni kupanga kazi moja ya wiki 8. Wengi wanasubiri kesi: leo una vijana 10, wiki ijayo 3 wamepata dhamana, 2 wako mahakamani, na kuna wapya 4. Kila kipindi kiishe na kitu kilichokamilika, hata ubeti mmoja. Walimu 2 wasichukue zaidi ya vijana 10.

Beba kalamu za nta, penseli fupi, rangi za maji, vikombe vya plastiki laini. Acha mikasi ya ncha kali, daftari za waya, chupa, tina ya kuyeyushia rangi na gundi yenye harufu kali. Orodha ya vifaa iwe nakala 2, moja ibaki getini. Hesabu mnapoanza, hesabu tena kabla mtu hajainuka, na tenga dakika 15 kwa hilo. Penseli moja ikipotea, watakaopekuliwa ni watoto.

Jibu 2
Kwenye mashairi kuwa makini sana. Usimwambie anayesubiri hukumu aandike kilichomleta pale; karatasi hiyo inaweza kufika kwenye kesi yake. Mpe mada kama sauti za alfajiri, au barua kwa atakayelala kitanda chake baadaye. Mweleze mapema nani atasoma, na usiahidi siri: akiandika kwamba anataka kujidhuru, lazima utoe taarifa.

Ukipiga picha, sura zisionekane. Majina kamili yasiwe kwenye kazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 40, unalinda faragha yake katika hatua zote za kesi.

Muuliza swali
Asanteni. Msimamizi anataka aliyekosea wiki hiyo asiingie darasani. Tukubali?

Jibu 1
Msikubali, na liandikwe kwenye makubaliano kabla hamjaanza. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu watoto walionyimwa uhuru, kanuni ya 47, zinataka mtoto awe na muda wa burudani kila siku, sehemu yake iwe ya sanaa na kazi za mikono akipenda. Akivuruga kipindi chenyewe, hapo atoke kwa siku hiyo.

Jibu 3
Kuhusu ukuta, tuseme ni mita 2 kwa 3. Chora kwenye karatasi ya sm 20 kwa 30, igawe miraba ya sm 2. Ukutani miraba iwe ya sm 20. Unapata miraba 150, kila mmoja unanakiliwa kutoka karatasini, na kijana aliyeingia wiki ya tano anakabidhiwa mraba wake na kuanza kazi papo hapo. Kwangua, osha, acha ukauke kabisa, paka rangi ya msingi, kisha rangi za akriliki. Ukuta wenye unyevu utabandua rangi yote. Mchoro uidhinishwe kwa maandishi kwanza. Ukifutwa, waliouchora watakuwa bado humo ndani wakiangalia.