AC ya chumbani: nichukue BTU 9,000 au 12,000?

TegetaKwaNdevu: Wakuu, habari za muda huu. Joto la safari hii limenishinda, panga boi linazungusha hewa ya moto tu. Nimepita Kariakoo, duka moja wananiambia BTU (yaani nguvu ya AC kupooza) 9,000 inatosha, duka la pili mlango wa jirani wanasema kwa Dar usishuke chini ya 12,000. Tofauti ya bei si ndogo. Wenye uzoefu nisaidieni, nataka kulipia Jumamosi. Nawasilisha.

Baba Nasri: 12,000 ulale. Kubana hela kwenye kitu utakachokaa nacho miaka ni ushamba.

FundiJokofu: Baba Nasri, unamshauri mtu chumba chenyewe hukijui? Mleta mada, chumba kina ukubwa gani? Dirisha linatazama wapi? Juu ni zege, jipsam au bati tupu? Mnalala wangapi? Bila hayo hapa tutapiga ramli.

Mama Tatu: Na luku je? Watu wanauliza BTU, hawaulizi uniti. Kama mpo kwenye ile D1, bei nafuu ya TANESCO kwa watumiaji wadogo, uniti 75 kwa shilingi mia mia, iageni mapema.

TegetaKwaNdevu: Chumba ni futi 12 kwa 14. Jipsam, juu yake bati. Dirisha moja la aluminiamu. Tupo wawili na mtoto.

FundiJokofu: Futi 12 kwa 14 ni kama mita za mraba 15.6. Mimi kwa hali ya hewa ya Pwani napigia BTU 600 kila mita ya mraba, inakuja 9,360. Kwa hiyo 9,000 imeshapitwa kidogo, na bado sijaweka jua. Dirisha linatazama wapi? Hilo hujajibu.

Kijana wa Bamburi: Mie hapa Mombasa nina 9,000 kwa chumba kama hicho na alfajiri twajifunika blanketi. Lakini juu yangu kuna ghorofa nyingine, na mwembe wa jirani wafunika ukuta mzima. Usinifuate mimi ikiwa kwako bati lachomwa na jua kutwa.

Baba Nasri: Si nilisema? Na kama mfuko unaruhusu, panda kabisa 18,000. Kubwa inapooza haraka, inajizima, umeme unaokoa.

FundiJokofu: Hapo ndipo mnapopotosha watu. Dar shida si joto peke yake, ni unyevu. AC inakausha hewa pale kompresa, ile pampu ya gesi iliyo kwenye kifaa cha nje, inapofanya kazi kwa muda mrefu, mvuke unageuka maji kwenye koili na kutoka kwenye ule mpira unaodondosha nje. Ukiweka 18,000 kwenye chumba kidogo, inafika nyuzi 24 dakika chache tu, kompresa inakata, na hewa bado imejaa maji. Mnalala kwenye baridi ya kunata, shuka kama hazikukauka, nguo kabatini zinashika ukungu. Halafu kompresa inawaka na kuzima usiku kucha. Hakuna umeme unaookolewa hapo.

Baba Nasri: Hizo ni za zamani. AC za inveta, kompresa inapunguza mwendo yenyewe badala ya kuzima.

FundiJokofu: Inapunguza, ila kuna mahali haishuki zaidi. Ukizidisha kidogo itakuvumilia. Ukizidisha mara mbili, nayo itaanza kuzima na kuwaka kama zile nyingine.

Mkaazi wa Kigamboni: Mnabishana 9 au 12 kana kwamba mtu akinunua anapewa kilichoandikwa kwenye boksi. Ngoja niwape langu, duka silitaji. Boksi 12,000, risiti 12,000, stika ya kifaa cha ndani 12,000. Fundi wao akaja kufunga. Usiku ule ule chumba hakipoi, kinapuliza tu. Nikampigia, akaja, akasema gesi ni ndogo, akajaza, nikalipa. Haikupita muda, hali ile ile. Akaja tena, gesi tena, hela tena. Nikamuuliza, sasa hiyo gesi inakwenda wapi kama hakuna panapovuja? Ananijibu, "Mzee, joto la huku ni kali."

Nikaita fundi mwingine, kijana mdogo tu. Mtungi wa gesi hata hakuushusha kwenye pikipiki. Alipanda ngazi mpaka kwenye kile cha nje, akasoma kibati cha ubavuni: uwezo wa kupooza wati 2,640. Akaniambia hiyo ni 9,000, maana ya 12,000 huandikwa wati 3,500 na kitu. Yaani cha ndani ni cha 12, cha nje ni cha 9! Kurudi dukani naonyeshwa maandishi ya chini ya risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Fundi anaapa alikabidhiwa maboksi yamefungwa, duka linasema fundi ndiye kabadilisha. Mpaka leo mwizi simjui. Kwa hiyo Jumamosi ukienda, yafunguliwe maboksi yote mawili mbele yako, usome vibati, ndipo utoe hela.

Mama Tatu: Pole sana kaka. Na huko kwenu na chumvi ya bahari, hicho cha nje kitakuwa kimeshaoza.

Mkaazi wa Kigamboni: Miguu imeliwa yote, kimekalia tofali.

Dodoma Yetu: Kwani lazima AC? Huku tunatumia feni za kuweka maji, bei rahisi na umeme hauli.

FundiJokofu: Dodoma hewa ni kavu, maji yanageuka mvuke na kuondoka na joto. Dar hewa imeshashiba maji. Ukiwasha hiyo na madirisha yamefungwa unatengeneza sauna.

Mtoto wa Makete: Sisi mwezi wa saba tunaota moto, nyie mnalipia baridi. Dunia hii.

Mama Tatu: Turudi kwenye uniti. 12,000 ya kawaida inakula kama kilowati 1.1 kompresa ikiwaka. Lala masaa nane, kompresa ifanye kazi zaidi kidogo ya nusu ya muda, ni kama uniti tano. Ukishatoka D1 ukanunua uniti kwa 356 ni shilingi 1,800 hivi kwa usiku, elfu hamsini na kitu kwa mwezi. Hapo mlango umefungwa na hakuna anayewasha mchana. Kwangu watoto wa shule wakifunga likizo hesabu hiyo inakufa.

TegetaKwaNdevu: Asanteni wakuu. Dirisha linatazama magharibi, jua linaingia kuanzia saa nane mchana mpaka linazama. Halafu jambo moja, nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba bado hajakubali nitoboe ukuta.

Baba Nasri: Yaani hilo unalisema sasa hivi!

FundiJokofu: Kwa magharibi na bati, 9,000 itahangaika jioni yote. Weka 12,000 ya inveta. Ila bila ruhusa ya ukuta BTU hazina maana.

Kijana wa Bamburi: Kuna zile za magurudumu, bomba latoka dirishani. Hutoboi kitu.

FundiJokofu: Zile za bomba moja zinavuta hewa ya chumbani na kuitupa nje, kisha hewa ya moto inaingia chini ya mlango. 12,000 yake si 12,000 ya ukutani. Na kelele zote ziko ndani na wewe.

Mama Tatu: Mdogo wangu, anza na pazia zito hapo magharibi. Na mwenye nyumba akikubali, mwandikishane AC ni ya nani ukihama. Wengine wakiona imefungwa wanapandisha kodi.

Mkaazi wa Kigamboni: Wanapandisha kweli, "nyumba sasa ina AC". AC ya kwako mwenyewe!

TegetaKwaNdevu: Mwenye nyumba yuko Moshi, nitampigia kesho. Jumamosi naona itasogea.

Baba Nasri: Kama kuna mtu anahitaji 18,000 iliyotumika kidogo, ninayo. Njoo inboksi.

FundiJokofu: Kumbeee.

Mkaazi wa Kigamboni: Ina cha nje cha ngapi?

Dodoma Yetu: Ni inveta? Bei?