Kaka yangu alianguka mkarafuu na hana hisia kuanzia kiunoni: naomba ushauri

Binti wa Konde:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Kaka yangu mkubwa alianguka mkarafuu msimu uliopita akavunjika uti wa mgongo, na tangu hapo hana nguvu wala hisia kuanzia kiunoni kwenda chini. Tuliruhusiwa kurudi nyumbani na mrija wa mkojo na vidonge, bila ya mtu kutueleza namna ya kumtunza. Juzi, nilipokuwa nikimwosha, niliona kwenye kifandugu alama ya ukubwa wa sarafu ya shilingi mia, imekoza kuliko ngozi ya pembeni, ngumu na yenye joto. Tumemkalisha juu ya mpira wa ndani wa tairi ili pasiguse kitu. Je, tunafanya sawa? Na ipo haki yoyote anayostahiki?

Muuguzi Mstaafu:
Wa aleikum salaam, mwanangu. Huo mpira uondoeni leo hii, kwa sababu ukingo wake hubana mishipa pande zote na pale katikati pakakosa damu. Alama uliyoiona ni mwanzo wa kidonda cha kulalia: juu ngozi ni nzima, lakini nyama ya ndani huenda imeshaanza kufa, na kidonda kikifika mfupani huuguzwa kwa miezi na huweza kuua. Asipalalie wala asipakalie mpaka parudi kama pembeni. Kitandani mgeuzeni kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, mkiweka mto baina ya magoti na mwengine chini ya miguu ili visigino vining'inie. Msipasugue wala kupapaka mafuta ya karafuu (najua majirani watawashauri). Pakichubuka, au akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, Wete au Chake Chake.

Maji asiyapunguze. Wengi huona haya ya mkojo wakaacha kunywa, mkojo ukawa mzito, mrija ukaziba.

Kigari cha Mkoani:
Dada, mimi nilianguka mnazi, na huu ni mwaka wa kumi na mbili. Nakubaliana na bibi muuguzi, naongeza yale yanayojulikana na aliyekalia kigari. Msikubali kigari chochote kwa kuwa ni cha bure. Kikiwa kipana kuliko nyonga zake atakaa upande, na kidonda kitarudi. Pimeni na mlango wa choo kabla ya kukipokea. Akikaa, ainame mbele hadi kifua kikaribie magoti, dakika mbili hivi kila nusu saa. Mimi hutumia adhana na taarifa za redio kunikumbusha. Kikombe cha chai asikiweke mapajani: nina kovu la moto ambao sikuusikia hata kidogo.

Kuhusu sala, nilikaa mwaka mzima nikidhani mrija umeniharamishia. Sheikh wetu alinifahamisha kuwa mwenye udhuru wa mkojo hutia udhu kwa kila faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha husali kwa kukaa, akishindwa akasali kwa kulala.

Mkaazi wa Chake:
Anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia yenu, aandike barua inayoeleza ajali na hali yake, kisha mkamsajili kwenye Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo chanzo chake ni sheria ya mwaka 2006. Pia muwaone UWZ, yaani Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, ulioanzishwa mwaka 1985 na watu wenye ulemavu wenyewe. Kwa kuwa alikuwa akichuma karafuu, ulizieni ZSTC, shirika la biashara la taifa la Zanzibar linalonunua karafuu, kuhusu fidia ya wachumaji wanaoanguka, na cheti cha daktari msikitoe mkononi bila ya nakala.

Binti wa Konde:
Nashukuruni sana. Mpira tumeutoa, na zamu ya usiku tumeigawa baina yangu, mama na mke wake. Asubuhi hii ile alama imelainika kidogo. Kaka hakusema lolote nilipomsomea majibu, ila la udhu alinitaka nilirejee mara mbili, kisha akauliza kama yule bwana wa Mkoani anaweza kuzungumza naye kwa simu.

Kigari cha Mkoani:
Nimekutumia namba kwa faragha. Apige baada ya Isha.