Traka mpya ya Commodore 64: itungwe ndani ya mashine, kwenye kompyuta ya kisasa, au mseto?

Chipu_Tatu
Wakuu, habari za saa hizi. Nimeanza kuandika traka, yaani programu ya kutungia muziki, ya Commodore 64 (C64), ile kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 80, na kabla sijazama nataka mnisaidie kupima. Njia naziona tatu. Moja, kila kitu kikae ndani ya C64 yenyewe kama SID-Wizard: unawasha, unatunga, unahifadhi kwenye diski. Mbili, mtu atunge kwenye kompyuta ya kisasa kama ilivyo GoatTracker, SID (chipu ya sauti ya C64) ikiigwa, halafu atoe faili la kupeleka kwenye C64. Tatu ni mseto: unatunga kwenye kompyuta ya kisasa lakini noti inapigwa papo hapo na chipu halisi kupitia waya.

Moyo wangu uko kwa ya kwanza. Orodha ya ninavyotaka kuweka imeshajaza ukurasa: kutendua, kunakili na kubandika, MIDI (kuchomeka kinanda cha muziki), vyombo 64, sampuli za ngoma. Nyinyi mngeanza na kipi?

mzee_wa_diski
Kuhifadhi. Sitanii.

Niliwahi kupoteza wimbo wa usiku mzima kwa traka ambayo sitaitaja. Nilibonyeza kuhifadhi, diski ikazunguka, ikanyamaza, nikazima mashine nikalale. Kesho yake faili halifunguki. Kumbe diski ilijaa katikati, taa ya 1541, ile drevu ya diski ya C64, ikawa inapepesa kuniambia kuna kosa, na programu haikujishughulisha kuuliza ni kosa gani. Mimi na taa hatukuwa tunatazamana.

Halafu kuna mwendo. 1541 bila kiharakishi (kodi ya kuongeza kasi ya diski) inapitisha kama baiti 400 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wa kilobaiti 20 unakula karibu dakika nzima. Mtu akijua atasubiri dakika, hahifadhi. Weka kiharakishi, na usome ujumbe wa kosa kila mara. Hayo mengine tutaongea baadaye.

Binti_Oktava
Mimi natofautiana na mleta uzi, njia ya pili ndiyo yenye akili. Skrini ya C64 ina herufi 40 tu kwa upana, na kumbukumbu ya kilobaiti 64 inagawanywa na programu, wimbo na vyombo. Kutendua utakuweka wapi? Kwenye kompyuta ya kisasa narudi nyuma hatua elfu bila kufikiria.

Besi_Nzito
@Binti_Oktava dada, hesabu haikukatalii kihivyo. Herufi tatu za noti, mbili za chombo, tatu za madoido, jumla 8. Chaneli tatu ni 24. Ongeza namba ya mstari na nafasi za kupumua, bado unabaki na sehemu ya kuweka mpangilio wa wimbo pembeni. Kutendua nako, kila badiliko unatunza anwani na thamani ya zamani, tuseme baiti 4. Hatua 256 ni kilobaiti moja tu.

Kinachoniuma mimi ni plea, yaani kile kipande cha kodi (msimbo wa programu) kinachopiga wimbo ndani ya gemu au demo. Kwenye mashine ya PAL (mfumo wa TV wa Ulaya) fremu moja, yaani picha moja ya skrini, ina mistari 312, kila mstari mizunguko 63 ya prosesa, na fremu ni 50 kwa sekunde. Plea ikila muda wa mistari 40, mwandishi wa gemu atakurudishia wimbo wako. Kwa hiyo naomba ile mbinu ya wakongwe iwe ndani ya traka: plea ikianza, badili rangi ya pembezoni mwa skrini, ikimaliza, irudishe. Unaona utepe mwekundu ukinenepa kila unapoongeza doido. Hakuna kipimo kinachomtia mtunzi adabu kama kile. Na unapotoa wimbo, kodi ya doido usilolitumia iachwe nje.

Sampuli za ngoma futa. Ule ujanja wa kuchezea rejista ya sauti unatoka vizuri kwenye 6581, SID ya zamani, ukienda kwenye 8580, ile ya baadaye, unanong'ona.

Robo_Toni
Naingia kutoka upande wa AY, chipu ya sauti ya kompyuta nyingine za enzi hizo. Hata kama hutaandika matoleo mengine sasa hivi, jedwali la noti (namba zinazoamua kila noti ilie juu au chini kiasi gani) usilifungie ndani ya plea. Spectrum 128 na Atari ST zina chipu ndugu, AY-3-8912 na YM2149, lakini ya Spectrum inakwenda kwa takriban MHz 1.77 na ya ST kwa MHz 2. Namba ileile ya noti kwenye ST inapanda karibu toni nzima. Nimesikia besi ikigeuka filimbi kwa sababu hiyo.

C64 nayo ina yake: wimbo wa PAL ukipigwa kwenye NTSC (mfumo wa TV wa Marekani) bila kurekebishwa unakimbia, kwani fremu zinakuwa 60 badala ya 50.

MIDI iache iwe ya hiari. ST ilitoka kiwandani 1985 ikiwa na matundu yake, C64 inahitaji katriji na wengi wetu hatuna.

Binti_Oktava
Sawa @Besi_Nzito, kwenye kutendua umenifunga. Lakini naongeza moja ambalo njia zote tatu zinalikwepa: filta, sehemu ya SID inayochuja sauti. 6581 mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza zisilie sawa. Natunga kwenye emuleta (programu inayoiga C64), filta inafunguka tamu, napeleka kwenye mashine ya rafiki sauti inakuwa kama mtu anaimba ndani ya mto. Weka marekebisho ya filta yanayohifadhiwa kwa mashine, siyo kwa wimbo. Kila mtu arekebishe mara moja ya kwake basi.

Chipu_Tatu
Mmeniamsha. Sampuli nimefuta, vyombo nimepunguza hadi 32, utepe wa rangi nauweka. Filta kwa mashine sikuwa nimeiwaza kabisa. Mseto nauacha kwanza: mwenye C64 mezani haoni sababu ya kuwasha kompyuta mbili kupiga noti moja.

Swali: noti zangu fupi zikifuatana nyingine zinachelewa kuanza, kama zinajikwaa. Kosa langu au la chipu?

Besi_Nzito
La chipu. Kihesabu cha envelopi (kupanda na kushuka kwa nguvu ya noti) kikiipita thamani mpya lazima kizunguke chote kwanza, na inaweza kuchukua kama milisekunde 33. Dawa ni kuweka envelopi sifuri fremu mbili kabla ya noti inayofuata. Fremu mbili za PAL ni milisekunde 40, kinakuwa kimeshamaliza. Ila liwe chaguo kwa kila chombo, maana nyuzi ndefu hazipendi kukatwa hivyo.

mzee_wa_diski
Na taa je?

Chipu_Tatu
Mzee, leo nimejaza diski makusudi hadi ikabaki bloku mbili, nikahifadhi wimbo mkubwa. Taa imepepesa, na kwenye skrini ikatoka 72, DISK FULL. Wimbo uko salama kwenye kumbukumbu, programu inaniomba diski nyingine.

mzee_wa_diski
Haya, sasa nitumie niijaribu.