Maktaba ya chuo si stoo ya vitabu vilivyotupwa kwingine! Tuandikieni sera

Wadau, nimetoka kazini moyo unafuka moshi. Mimi ni mkutubi katika chuo kimoja hapa Mombasa. Leo nimeitwa nikapokee msaada: maboksi 60 ya vitabu kutoka ng'ambo, yametolewa bandarini Kilindini, gari na mahamali kalipa chuo. Nafungua la kwanza, mwongozo wa kulipa kodi Marekani. La pili, vitabu vya Windows 98, programu ya kompyuta ya zamani, nakala 11. La tatu limejaa ukungu, na kwa unyevu wetu huu wa pwani, ukungu hauishii boksini.

Nikasema tusivipokee. Nikaulizwa, "Wakataa kwa kanuni gani?" Nikanyamaza, maana kanuni iliyoandikwa hakuna. Miaka sita naomba sera ya ukusanyaji wa vitabu, yaani kanuni za kitabu kipi kiingie maktaba na kipi kitoke, jibu ni lile lile: "Sisi twajuana, tutaelewana."

Tutaelewana vipi? Mhadhiri mwenye sauti hununuliwa atakacho, idara ya uuguzi yaambulia patupu. Juzi mwanafunzi wa sheria alikuwa akiandika tasnifu kwa kitabu cha ardhi cha 1994. Katiba mpya ni ya 2010! Sheria ya Ardhi na ile ya Usajili wa Ardhi zimekuja 2012, za zamani chungu nzima zikafutwa. Kitabu kingali rafuni, kwa sababu ukikiondoa waambiwa waharibu mali ya chuo.

Na msiniambie cha msaada ni bure. Kukiorodhesha, kukipa namba, kukitafutia nafasi, hiyo yote ni kazi na pesa.

Sera yenyewe kurasa kumi zatosha. Nani achague. Kila idara ipate fungu gani, kwa kuhesabu wanafunzi na kozi, si kelele. Somo lipi likusanywe kwa kiwango cha shahada ya kwanza tu na lipi hadi cha utafiti. Majarida ya mtandaoni yakipanda bei, tukate lipi. Kitabu kiondolewe lini, na nani atie saini. La msaada ndilo nalitaka zaidi: iandikwe wazi kwamba mkutubi ana haki ya kukataa, hata mfadhili akiwa rafiki wa mkubwa.

Rasimu nimeiandika mwenyewe, usiku, watoto wamelala. Iko mezani kwa mkubwa tangu Machi, haijafunguliwa.

Mlio vyuo vingine, kwenu seneti ya chuo iliikubali vipi sera kama hii? Nijibuni leo, kesho asubuhi naamriwa nianze kuyapanga yale maboksi.