Kadi ya ubatizo ina jina la mtu wa tatu. Babu yangu ni yupi?

Mjukuu wa Nachingwea (Mtwara mjini)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naomba msaada kwenye jambo la ukoo, hasa kwa wanaofahamu vitabu vya misheni vya huku kusini.

Baba yangu alizaliwa Nachingwea wakati wa karanga, yaani ule mradi wa Mwingereza wa kulima karanga. Yupo hai, anaishi kijijini, na akili zake ni nzuri kabisa. Tangu utoto nimejua babu yangu ni mzee wa Kimwera aliyekuwa mume wa bibi, na jina lake ndilo ninaloandika kwenye kila fomu. Alinifundisha kutega ndege, alinilipia ada ya darasa la kwanza kwa korosho zake. Sina babu mwingine moyoni, na sitafuti mwingine wa kumweka mahali pake.

Sasa, tulipokuwa tunahamisha vitu vya marehemu bibi tulikuta mkebe wa tumbaku, ndani yake stakabadhi ya kodi ya babu. Imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kuachia, na wino wa jina umefifia, ila mhuri unasomeka: Muheza, 1949. Muheza ni huko Tanga, na kwamba babu aliwahi kuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, kwenye mkonge wa Tanga wote tunajua. Tusichojua ni miaka ipi. Kadi ya ubatizo ya baba inasema alizaliwa Novemba 1949, akabatizwa 1951. Na penye jina la baba yake mzazi pameandikwa jina ambalo si la babu, wala si la mtu yeyote ninayemfahamu.

Kuna na la tatu. Kwenye msiba wa bibi, kikongwe mmoja alimtazama baba akipita akasema, "Huyu miguu yake ya mtu wa karanga." Wenzake wakamnyamazisha. Baadaye nikadokezwa kuwa palikuwa na fundi wa katapila, Mnyasa, aliyekaa jirani na kwao bibi.

Niamini karatasi ipi? Nikatafute wapi? Na je, nimwambie baba ninachokitafuta, au nitafute kwanza?

Katekista mstaafu (Masasi)

Marahaba mwanangu. Kadi uliyonayo ni nakala, na pengine iliandikwa miaka mingi baadaye, mtu alipohitaji kuoa au kusomesha. Rudi kwenye kitabu chenyewe, parokiani. Vitabu vya zamani vya wamisionari Wabenediktini vimeandikwa Kilatini, lakini usiogope, ni maneno yaleyale kila mstari: siku ya kuzaliwa, siku ya ubatizo, wazazi, msimamizi, padre. Vituo vya Lukuledi na Nyangao vilichomwa wakati wa Maji Maji mwaka 1905, kwa hiyo anayetafuta habari za kabla ya hapo ana kazi. Wewe unatafuta 1951, una nafuu kubwa.

Angalia mambo haya kwa utulivu. Mtoto akiwa wa nje ya ndoa, sheria ya Kanisa ya wakati ule ilitaka baba aandikwe tu kama ameomba mwenyewe kwa maandishi au mbele ya mashahidi wawili, au kama kuna hati rasmi inayomtaja. Isipokuwa hivyo anaandikwa *pater ignotus*, yaani baba hajulikani. Kwa hiyo jina likiwepo, mtu fulani alilitamka mbele ya padre. Swali lako liwe: nani alilitamka, na alisimama pale kama nani? Soma jina la msimamizi kwenye mstari huohuo. Halafu soma pembeni mwa ukurasa, maana baba yako alipofunga ndoa waliandika hapo, na masahihisho huandikwa hapohapo. Mwisho omba kitabu cha ndoa, uone bibi na babu walifunga lini kanisani.

Na hiyo tarehe ya Novemba usiishike sana. Mtoto aliyeletwa ana mwaka na zaidi, padre alikuwa anakadiria kwa kumuuliza mama: ilikuwa mvua, ilikuwa mavuno?

Bibi wa Mtama

Mjukuu wangu, hapo kwenye jina la tatu mnapita njia ndefu wakati mlango upo wazi. Sisi Wamwera, kama walivyo Wamakonde, Wamakua na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye sauti juu ya mtoto alikuwa mjomba. Mjomba ndiye alikaa kwenye shauri la ndoa, ndiye aliyemshika mkono mtoto kumpeleka shule. Kama mume yuko Tanga kwenye mkonge, unadhani mama alikwenda misheni na nani? Mzungu anauliza, "Mwenye mtoto huyu nani?" Kaka mtu anajibu, "Mimi." Hajasema uongo. Kwa desturi yetu ni wake.

Mimi mwenyewe shuleni niliandikwa jina la mjomba wangu, na nimezeeka nalo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda popote, uliza kaka zake bibi waliitwa nani. Uliza na majina yao ya utotoni, kwa sababu mtu akitoka jandoni anapewa jina jingine, akibatizwa jingine tena.

Mtafiti wa Upanga (Dar es Salaam)

Naongeza mawili matatu. Stakabadhi ya kodi ni ushahidi mzuri kwa sababu haikuandikwa kwa ajili ya habari za uzazi, hivyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuipindisha. Lakini hesabu vizuri. Mtoto wa Novemba, mimba yake ni ya Februari hivi. Mhuri una mwezi? Kama ni wa Mei, babu anaweza kuwa aliondoka Nachingwea Machi na hakuna neno lolote hapo. Kama ni wa Januari, ni habari nyingine. Tafuta pia kipande chake, ile kadi ya kazi ya siku thelathini. Wazee wengi walizihifadhi.

Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa serikali wa usajili, kama baba alikipata ukubwani, usikihesabu kuwa ushahidi wa pili. Kinarudia yaliyosemwa na walioomba.

Nyaraka za Taifa hapa Upanga zina majalada ya serikali ya Mwingereza ya wilaya za kusini, na mambo ya karanga yamo: mradi ulianza 1947, ukaendeshwa Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukafutwa 1951. Yatakusaidia kujua mafundi waliletwa lini na kambi ilikuwa wapi. Usitegemee kukuta jina la dereva mmoja.

Kuhusu vinasaba: kromosomu Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwanawe wa kiume, karibu bila kubadilika. Kama babu ana mtoto mwingine wa kiume, yaani baba yako mdogo, sampuli yake na ya baba yako zikilinganishwa zitaonyesha kama wametoka mstari mmoja wa kiume. Nchini kazi hiyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2009, na huendi tu mwenyewe kama unavyokwenda kupima malaria, utahitaji barua, kwa mfano ya ustawi wa jamii au mahakama. Fikiri sana kabla. Zikitofautiana, hujui bado ni yupi kati ya hao wawili asiye wa babu. Baba mdogo hajauliza swali hili, na jibu linaweza kumwangukia yeye.

Mvuvi wa Msimbati

Kaka, mwenye jambo ni baba yako. Yuko hai. Muulize yeye kabla ya mkemia.

Mjukuu wa Nachingwea

Nawashukuru wote, na Bibi wa Mtama nakushika miguu. Nimempigia shangazi mkubwa. Nilipomtajia lile jina alinyamaza kidogo, akaniuliza nimelitoa wapi. Ni jina la jandoni la kaka mkubwa wa bibi, aliyefariki kabla sijazaliwa. Ndiye aliyemlea baba mpaka babu aliporudi kutoka Tanga. Kwa hiyo mtu wa tatu hayupo. Wamebaki babu na huyo fundi.

Mhuri niliuangalia tena kwa tochi ya simu. Ni Juni. Haumtoi babu wala haumweki.

Ijumaa nilikwenda kijijini nikamwambia baba kila kitu, pamoja na maneno ya msibani. Akasema aliyasikia tangu akiwa mchunga mbuzi. Vinasaba hataki, kwa ajili ya mdogo wake, na nimekubaliana naye kabisa. Ila kitabu anataka kisomwe, hasa tarehe ya ndoa, na anataka twende wote. Mzee katekista, barua kwa paroko tuiandikeje?

Katekista mstaafu (Masasi)

Aandike baba yako mwenyewe, maana ubatizo ni wake na paroko hatasita. Ataje jina la ubatizo, mwaka, jina la mama yake, kijiji, na aseme anaomba kusomewa mstari wote pamoja na maandishi ya pembeni, si kupewa kadi mpya. Kitabu cha ndoa akiombe kwenye barua hiyohiyo. Msiende Jumapili.