Mati gani inafaa mezani kwa mihuri ya raba na kazi za karatasi?

wino_na_karatasi:
Habari zenu wadau, naombeni ushauri kwa wale mnaotengeneza kadi na kazi za mihuri ya raba. Mpaka sasa natandika magazeti mezani, na mwanzoni yalitosha maana nlikuwa nagonga mihuri tu, ila kazi zimeongezeka, sasa nakata maumbo kwa kisu, natumia gundi ya moto, na nimeanza pia ule unga unaomwagia juu ya wino alafu unaupasha joto unayeyuka mpaka mchoro unainuka. Meza inapata tabu. Na magazeti yenyewe wino wake haukauki kabisa, unamaliza kadi nzuri nyeupe unaigeuza nyuma unakuta weusi umehamia, kazi yote imeharibika.

Nimeangalia nikaona kuna mati za kutandika mezani, kuna za kijani zenye mistari, kuna za kioo, kuna za silikoni, kuna zingine nyembamba za kahawia zinazoteleza, na kila muuzaji anasema ya kwake inafaa kwa kila kitu. Meza yangu ndogo na inatumika kwa mambo mengine, lazima niondoe kila kitu nikimaliza, kwa hiyo ningependa moja tu kama inawezekana.

Swali lingine, kuna mihuri yangu inatoka na mabaka, pembeni wino umekolea vizuri katikati pamepauka. Hiyo ni meza au ni wino?

fundi_kadi:
Karibu sana. Nianze na hilo la "moja tu" maana ndo linalowapotezea watu hela. Haipo. Na sababu ni ya kawaida kabisa, kisu kinataka kitu laini ncha iingie kidogo, wino na gundi vinataka kitu kisichonyonya, joto linataka kitu kisichoyeyuka, na mhuri unataka sehemu iliyonyooka. Sasa hiyo plastiki inayokubali kisu kiingie ndo hiyo hiyo inayojikunja kwenye joto, na kioo kinachovumilia joto ndo kinachoua makali ya kisu. Jiulize kazi gani unaifanya zaidi, hiyo ndo uinunulie mati ya maana, zingine utafute kitu cha bei ndogo cha kusaidia.

Hizo za kijani zimetengenezwa kwa plastiki ya PVC, na zile nzuri zina matabaka, juu na chini laini, katikati gumu. Ukikata, lile tabaka laini linaachana alafu linarudi kujifunga, ndo maana mstari hauonekani. Ila kujifunga kuna kikomo, ukikata mstari ule ule kila siku kwa nguvu utatoboa tu. Shika kisu wima. Ukikilaza kinachota kipande cha plastiki badala ya kupita, na kilichochotwa hakirudi. Na uwe unaizungusha mati mara kwa mara ili usikate sehemu moja tu.

Adui yake mkubwa ni joto, na hapo simaanishi moto, namaanisha kikombe cha chai, jua la dirishani, kuiacha ndani ya gari. Inajikunja kama samaki kwenye kikaango, na ikishajikunja kuirudisha ni bahati. Wengine wanaipasha kwenye maji ya vuguvugu alafu wanailaza sakafuni na kuikandamiza na vitabu vizito, wakati mwingine inanyooka, mara nyingi inabaki na kona moja imeinuka. Kwa hiyo huo unga wako wa kuyeyusha usiufanyie juu ya mati ya kijani kabisa kabisa.

rangi_mbili:
Mi naomba nitetee kioo. Nafanya sana kazi za kuchanganya rangi, natandaza wino kwa sponji, napaka rangi za maji, na hakuna kitu kinachosafishika kama kioo. Gundi ikikauka unaikwangua na wembe inatoka nzima, wino unafuta kwa kitambaa chenye maji, ule wa kudumu unafuta kwa spiriti na hakiachi hata kivuli. Unaweza kugonga pedi ya wino moja kwa moja juu ya kioo, ukanyunyizia maji, ukapitisha karatasi juu yake, inatoka na madoa mazuri ambayo hata ukitaka kuyachora huwezi. Na kwa sababu ni cheupe au unaweka karatasi nyeupe chini yake unaona rangi ilivyo kweli, mati ya kijani inakudanganya macho.

Ila chukua kile kilichopashwa kikawa kigumu, sio kioo cha kawaida cha fremu ya picha. Cha kawaida kikipasuka kinatoa vipande virefu vyenye ncha, na pembeni kinakata vidole. Hicho kigumu kikivunjika kinasagika vipande vidogo vidogo. Ni kizito lakini huo uzito unasaidia, hakitembei mezani ukiwa unafanya kazi.

kisu_kikali:
Nakubaliana na rangi_mbili kwenye wino na gundi, ila kwenye kukata hapana. Kioo ni kigumu sana, kila ukipitisha kisu ncha inasagika, na kisu butu ndo hatari zaidi maana unaongeza nguvu alafu kinateleza. Kwenye kioo hakuna kitu cha kukishika, kinaweza kukimbia pembeni kikafuata mkono ulioshika rula. Anayekata maumbo madogo madogo ya duara, kama majani na maua, ataliona hilo haraka sana. Kipande kimoja cha haraka sawa, ila mtu anayekata kila siku ajiandae kubadilisha nyembe muda wote.

Ukinunua mati ya kukatia pia nunua rula ya chuma, ya plastiki inaliwa na kisu. Na ile mistari iliyochorwa kwenye mati isiwe kipimo chako cha mwisho, weka rula yako juu yake uone kama vinalingana, kuna mati nyingine mistari imechapwa ikapinda kidogo na kadi yako itatoka imelala upande bila wewe kujua kwa nini. Angalia pia kama ni sentimita au inchi, nyingi zina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili.

mama_mihuri:
Mwanangu wino_na_karatasi, nikujibu la mabaka maana hapo wengi wanahangaika na wino bure.

Kwanza angalia mhuri wenyewe ni wa aina gani. Kama ni wa raba nyekundu umebandikwa kwenye mti, ukiutazama kwa ubavu utaona kati ya raba na mti kuna sponji nyembamba. Huo tayari una ulaini wake ndani, unataka chini pawe pagumu na pamenyooka, meza tupu au kioo. Ukiuwekea kitu laini tena unazama, na ile kingo ya raba iliyokatwa kando ya mchoro inagusa karatasi, unapata vialama vya wino pembeni ambavyo sio sehemu ya picha.

Kama ni ile mihuri ya plastiki laini inayoonyesha upande wa pili, unayoibandika kwenye kipande cha akriliki, yaani plastiki ngumu, hiyo haina sponji. Akriliki ni ngumu, meza ni ngumu, katikati yake karatasi, sasa kukiwa na kibonde hata kidogo cha unene wa nywele hapo wino haugusi. Na wewe unatumia magazeti, yana mikunjo na kurasa hazilingani! Hiyo pembeni kukolea katikati kupauka inafanana sana na hii hali. Weka chini ya karatasi kitu chenye ulaini kidogo tu, padi ya mausi ya kompyuta inafanya kazi nzuri sana, au zile karatasi za sponji za watoto za kukatia maumbo, unene wa milimita 2 unatosha. Usizidishe, ikiwa nene unarudi kwenye shida ile ya kingo.

Pili, kama mhuri wa plastiki ni mpya unakuwa na utando wa kiwandani unaosukuma wino, ukitazama unaona wino umejikusanya vitone vitone badala ya kutandaa. Sugua uso wake taratibu na raba ya kufutia penseli, kisha uoshe, ukauke, ujaribu tena.

Alafu mkono wako. Mhuri mkubwa wenye sehemu pana za wino usiubonyeze kwa kidole kimoja katikati, simama, weka viganja viwili, bonyeza moja kwa moja chini bila kutikisa, shikilia kidogo, inua wima.

wino_na_karatasi:
Asante sana mama, nimeenda kuangalia sasa hivi, yote inayotoka mabaka ni ile ya plastiki kwenye akriliki! Ya mti inatoka safi kabisa. Nimejaribu na padi ya mausi, katikati pamejaa wino mpaka vile vistari vyembamba vya jani vimeonekana.

Sasa kwenye joto na gundi ya moto, kati ya silikoni na ile ya kahawia nyembamba nichukue ipi? Na hizo mati zenye gundi juu zinazouzwa na mashine za kukatia karatasi, zinaweza kusaidia?

gundi_moto:
Silikoni kwa gundi ya moto haina mpinzani. Tone la gundi likipoa unalibandua na kucha linatoka zima bila kuacha kitu. Unga uliomwagika ukayeyuka nao unatoka hivo hivo, ukikauka unakunja mati unang'oka. Ikichafuka unaosha kwa sabuni na maji, na ukimaliza unaikunja duara unaiweka kwenye droo, kwa mtu mwenye meza ndogo kama wewe hilo ni kubwa.

Ubaya wake inavuta vumbi na nywele zote za nyumba, kabla ya kulaza karatasi nyeupe ifute kwanza. Na usikate juu yake hata kidogo, kisu kinapita mpaka mezani. Mihuri pia usigongee hapo kama mati ni nene, inabonyea.

Ile ya kahawia ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa Teflon, ni nyembamba kama karatasi. Inavumilia joto mpaka nyuzi 260 hivi na wino hauingii, unatandaza rangi na sponji inateleza vizuri sana. Ila kwa vile ni nyembamba joto linapita mpaka chini, ukiielekezea mashine ya hewa moto muda mrefu meza ya plastiki au yenye vanishi itaumia. Ikikunjwa mkunjo haufutiki, na ikikwaruzwa na kisu ndo imekwisha. Kwa kazi zako ningechukua silikoni.

Na unapoyeyusha unga usiilaze kadi mezani muda wote, ishike kwa koleo ndogo juu juu, pasha mashine kwanza ndo uilete kwenye karatasi. Draya ya nywele haifai, upepo ni mwingi na joto halitoshi, inapeperusha unga tu.

fundi_kadi:
Hizo zenye gundi juu ni za kuingiza ndani ya mashine, kazi yake ni kushika karatasi isisogee wakati mashine inakata. Sio za mezani. Ukiweka kadi juu yake itachanika ukiibandua, na vumbi likishaingia hata kwenye mashine yenyewe haitashika.

Kwa ukubwa, watu wengi wananunua A4 kwa sababu ya nafasi alafu karatasi yenyewe ya kadi ni A4, inafunika mati yote, mistari huioni, na kisu kikitoka nje ya ukingo kinaingia mezani. Chukua A3, ni sentimita 29.7 kwa 42, hapo A4 inakaa na inabaki sehemu ya kuegesha rula. Ukimaliza usiisimamishe ukutani, itapinda taratibu, iteleze chini ya kitanda au nyuma ya kabati ikiwa imelala au imebanwa wima isiegemee.

rangi_mbili:
Niongezee kwenye usafi. Mati ya PVC usiifute na dawa ya kutoa rangi ya kucha wala tina, inakula plastiki na uso unakuwa unanata. Maji ya kawaida na sabuni kidogo, sponji laini, basi, maji ya moto hapana. Zile kalamu za rangi zenye spiriti zinapenya karatasi na zikigusa mati doa halitoki tena, weka karatasi chakavu katikati.

wino_na_karatasi:
Nimewaelewa wote, nakata zaidi kuliko vingine, kwa hiyo ya PVC saizi ya A3, silikoni ndogo kwa joto na gundi, na padi ya mausi ninayo. Kioo nitakifikiria nikianza kuchanganya rangi. Ila mama_mihuri, hiyo padi juu yake ni kitambaa, nikiichafua na wino si itahamia kwenye kadi kama magazeti?

mama_mihuri:
Itahamia ndio. Iweke karatasi nyeupe ya kawaida juu, moja tu na isiwe na mkunjo, ukiona imechafuka toa weka nyingine. Na ukipata padi yenye uso wa plastiki chukua hiyo, unafuta tu.